Mpishi Anakula Wapi?

Naomba nafasi nitubu kwanza, halafu nigombane na watu.

Mimi ni mpishi. Mwaka wa tisa huu nasimama mbele ya jiko la gesi katika hoteli moja ya watalii hapa Moshi mjini. Jina lake silitaji, maana bado nakula mshahara wake, na mtu hatukani mamba kabla hajavuka mto. Kila wiki wageni hushuka kutoka mlimani, miguu imevimba, pua zimebabuka kwa jua, njaa imewashika hasa. Wakishakula na kushiba, hakosekani mmoja wa kuniita mezani. Atanisifu kwa supu, atanishika mkono, kisha ataniuliza: "Shefu, na wewe mwenyewe, hapa mjini unapenda kula wapi?"

Kwa miaka tisa swali hilo nimelijibu kwa uongo.

Si uongo wa kutunga mwenyewe. Nilipoajiriwa nilipewa orodha ya mdomo: sehemu tatu nne zenye vitambaa mezani, ambako kuna piza, kuna kuku na chipsi, kuna mchuzi wa Kihindi uliopunguzwa pilipili. Ni sehemu safi, sizitukani. Katika majiko yake wamo washikaji zangu tuliosoma pamoja. Lakini sijawahi kutoa hela yangu mfukoni nikala huko hata siku moja, na washikaji zangu vilevile hawajawahi. Tukitoka kazini saa tisa alasiri, mpishi wa piza na mpishi wa supu ya krimu tunakutana kwenye benchi moja, chini ya turubai moja, tunakula kwa mama mmoja. Mgeni hatumwambii. Tunamficha mama yule kama watu wanavyomficha ndugu yao mwenye nguo chakavu siku ya posa.

Kilichonichoma ni hiki. Juzi juzi kwenye kijiwe chetu cha waandishi chipukizi, mwenzetu mmoja alitusomea insha yake. Humo ndani alisema Moshi ina mlima, ina usafi, ina kahawa, ila chakula haina. Mtu akitaka kula vizuri apande basi aende Arusha au Dar. Tulicheka. Tukapiga makofi. Na mimi, mpishi, mtoto wa mama ntilie, nikapiga makofi. Usiku ule nilirudi geto langu Pasua nikalala macho. Kwa hiyo leo naifuta ile orodha ya hotelini, natoa ya kwangu, na atakayechukia achukie.

Orodha yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, pembeni ya soko la Mbuyuni. Hapo kuna mtori.

Wewe uliyekulia mkate na siagi unadhani mtori ni uji wa ndizi. Sikiliza basi. Mama anaamka saa tisa usiku. Anapaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande, anamenya mshare mbichi moja moja, anazitosa majini zisiwe nyeusi. Nyama ya mifupa imeshabandikwa kitambo, inachemka polepole mpaka uboho unatoka. Ndizi zinaingia, zinaiva. Nyama inaopolewa, ndizi zinapondwa kwa mwiko mpaka zinalainika, supu inarudishwa kidogo kidogo, nyama inarudi, chumvi, kitunguu, basi. Hakuna krimu, hakuna unga wa kuongezea uzito. Uzito ni wa ndizi yenyewe, na ndizi ikiwa siyo, mtori unakuwa maji au unakuwa gundi. Mimi chuoni nilifundishwa kupika supu nzito kwa siagi na unga wa ngano, nikapewa cheti. Yule mama anapata ulaini uleule kwa kujua tu mkungu upi umekomaa kiasi gani. Cheti hajapewa. Amepewa notisi ya kuhama.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Naomba mtu mwenye elimu anieleze tofauti kati ya shefu na mama ntilie. Wote wanapika. Wote wanauza. Wote wanalisha watu wasio ndugu zao. Mimi nalisha wageni thelathini kwa usiku mmoja nikiwa na wasaidizi wanne. Yeye analisha watu mia kwa asubuhi moja akiwa na binti yake na jiko la kuni. Kwetu uchaggani, kama kwingi tu Tanzania, mwanaume akikutwa na mwiko mkononi nyumbani kwake anatafutiwa jina. Lakini mvalishe kofia ndefu nyeupe, mpe mshahara na jiko la gesi, basi ghafla ile kazi ya kike inakuwa taaluma! Mwanaume akipika kwa mshahara anaitwa mtaalamu. Mwanamke akipika ili asomeshe watoto wanne anaitwa mjasiriamali mdogo, na siku mambo yakibana anaitwa uchafu wa mji.

Nasema haya nikiwa na deni. Mwaka wangu wa pili kazini, mgeni mmoja mzee aliniuliza kwa upole ni nani aliyenifundisha kupika. Nikamjibu: chuo. Mama yangu siku hiyo alikuwa mlango wa nyuma, ameleta ndizi za oda. Kiingereza hajui, lakini mlinzi alikuwa karibu, akamtafsiria kwa utani. Mama hakusema kitu. Aliweka mikungu chini, akahesabu hela yake, akaondoka. Jumapili nilipokwenda kumwamkia, aliitikia shikamoo yangu, akanitengea chakula, nilipokuwa nakula akauliza: "Mwanangu, huko chuoni na kumenya walikufundisha wao?"

Sijapata jibu la swali lile mpaka leo. Makala hii ndiyo majaribio yangu ya kulijibu.

Najua kuna watakaoniambia, "Bwana mpishi, acha mashairi, kwa mama ntilie kuna uchafu." Ni kweli, vipo vibanda vichafu. Nimewahi kula mahali nikalala siku mbili nimeshika tumbo, na pale sirudi. Moshi ni mji wenye sifa ya usafi. Umeshinda mashindano ya kitaifa ya usafi si mara moja, na mtu akitupa ganda la muwa barabarani anajua kuna faini. Najivunia. Lakini nauliza: mama anayepikia watu mia kwa siku anahitaji nini ili awe msafi? Anahitaji bomba la maji, choo, paa, na pa kumwaga taka. Vitu vinne. Ushuru analipa. Badala ya kupewa vile vinne, anaambiwa asogee. Akisogea anaambiwa asogee tena. Usafi wa kumsogeza mtu ni sawa na kufagia taka kuzisukumia chini ya kitanda: chumba kinapendeza, ila taka hazijaenda popote.

Na nyie mnaoabudu vigae vyeupe, niwaibie siri ya fani. Jokofu linajua kuficha. Chakula cha juzi kikiingia kwenye jokofu, kikatoka, kikamwagiwa mchuzi mpya na jani la kotimiri juu, mgeni hajui. Sufuria ya mama ntilie haina pa kujificha. Inapikwa mbele yako, inaisha mbele yako, na ikilala, kesho yake harufu inamsema mbele ya umma. Wateja wake ni makuli, madereva, wauza mitumba, watu wa maneno makali. Mimi nikiharibu supu nasingizia mpishi wa zamu. Yeye akiharibu mara mbili amekufa kibiashara.

Tuendelee na orodha. Tunapitia Majengo, asubuhi hiyohiyo.

Hapa nataka kugombana na upande wa pili, wale jamaa zangu wenye kujipiga kifua kwamba Moshi ni mtori na mbege, mengine yote ya kuja. Haya, na nyie kaeni chini. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mnadhani ilileta mabehewa matupu? Ilileta watu, na watu wanasafiri na matumbo yao. Mji huu chini ya reli na juu ya reli umekaliwa na Wachagga, Wapare, Wahindi, Wasomali, watu wa pwani, Wamasai, na kila mmoja alikuja na chungu chake. Nenda Majengo saa moja asubuhi ukale vitumbua vikitoka moto kwenye kikaango, na chai ya tangawizi, na chapati ya kuchambuka iliyokunjwa ndani yake maharage. Pita kwa mama wa Kipare anayepika makande, mahindi na maharage vilivyochemka usiku kucha, uniambie kama hicho siyo chakula cha Moshi. Alizaliwa hapa. Amezika hapa wazazi wake. Makande yake yana uraia kuliko piza yangu.

Mpishi mwenye akili hana kabila jikoni. Ana moto, ana chumvi, ana njaa ya watu.

Saa tisa alasiri, lile benchi letu. Liko kitongojini, si mbali na stendi, na mama wa pale anapika kitu kimoja tu: wali na samaki. Mtu wa Dar atacheka, atasema wali na samaki upo kwetu ufukweni. Ngoja.

Mchele ule umelimwa Mabogini na Chekereni, tambarare kusini mwa mji, kwenye skimu ya umwagiliaji iliyojengwa katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajapani. Maji yanayonywesha yale majaruba yanatoka Mto Rau na chemchemi za Njoro, maana yake yanatoka mlimani. Samaki ni perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, na bwawa lile linajazwa na mito ya Kikuletwa na Ruvu, ambayo nayo inabeba maji ya mlima huuhuu. Mchicha umetoka bondeni. Ndizi moja mbivu pembeni imeteremka na mama mmoja kutoka Uru, kichwani. Hebu itazame ile sahani. Mgeni analipa maelfu ya dola kupanda mlima. Mimi mlima nauletewa kwenye sahani ya bati, na chenji narudishiwa. Halafu kijana msomi ananiambia Moshi haina chakula!

Kwenye menyu ya hoteli yetu siku hiyohiyo kuna samaki aliyegandishwa barafu, aliyetoka mbali kuliko mgeni mwenyewe. Niliwahi kupendekeza tuweke perege. Nikaambiwa ana miiba. Nilipendekeza mtori. Ukakubaliwa, ila ukaandikwa kwa Kiingereza kama "supu ya ndizi" na ukawekwa Ijumaa tu, siku ya ngoma, pamoja na kibuyu cha mapambo. Wageni wakaogopa, nani anataka supu ya ndizi? Wanafikiria ile ndizi tamu ya kifungua kinywa imechemshwa. Baada ya miezi miwili ukafutwa kwa kukosa wateja. Lakini piza inaitwa piza. Tambi zinaitwa kwa jina la kwao, na anayekosea kulitamka anachekwa. Ni mtori peke yake uliotakiwa ujitambulishe kwa lugha ya watu, kama mtumishi anayebadilishwa jina siku ya kwanza kazini kwa sababu la kwao ni gumu.

Jina la chakula ni nusu ya chakula. Nyie mnaoandika mnalijua hilo kuliko mimi.

Siku ya mapumziko napanda juu. Daladala ya Marangu au ya Mwika, siku ya gulio. Pale kuna wakina mama wamekaa nyuma ya mikungu kama makamanda, na ukimkosea mmoja kwa kuita mshare ndizi ng'ombe, utasomeshwa mpaka uombe maji. Kuna ya kupika, kuna ya kuchoma, kuna ya kuiva, kuna ya pombe. Ndipo utakapokula kiburu, ndizi na maharage vilivyoiva chungu kimoja kwa magadi. Hakina urembo, kina rangi ya udongo, lakini ukikila asubuhi utafanya kazi mpaka jioni bila kukumbuka tumbo. Ndipo utakapokuta machalari, ndizi na nyama vya mchuzi mzito. Na ukibahatika kukuta mbuzi amechinjwa, kuna kisusio, supu yenye damu ndani yake, inayonywewa ya moto na isiyotaka mtu mwoga. Mbuzi yule hagawanywi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, kwa umri na kwa undugu. Chuoni nilifundishwa kukata nyama kwa ramani ya Kifaransa. Hakuna aliyeniambia kwamba babu yangu naye alikuwa na ramani yake, na kwamba yake ilikuwa na watu ndani.

Na mbege. Msinione mlevi, nataka nizungumzie kazi. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinavurugika, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji, unapozwa, unachanganywa. Uchungu unatoka kwenye gome la msesewe. Ni hesabu ya siku, joto na mkono, na anayekosea siku moja anamwaga pipa zima. Watu wa mvinyo wangekuwa na hesabu kama hii wangeiandikia vitabu kabati zima. Sisi tunaiita pombe ya wazee.

Vyote hivyo vinatoka kwenye kihamba: migomba juu, kahawa chini yake, miti mikubwa ya kivuli, mbuzi na ng'ombe zizini, mfereji unapita kando. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, kule Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia nzima. Dunia nzima! Kijana wa Uru mwenyewe anauza chipsi mjini na kihamba cha babu anakiita shamba la mgomba. Simlaumu sana. Kihamba kimegawanywa kwa watoto, kikagawanywa kwa wajukuu, sasa kinatosha kaburi na mabanda mawili. Kahawa, ile iliyowafanya wazee wetu waunde chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933, imewahi kuwa na miaka ambayo bei haikulipa hata nguvu ya kuichuma. Ulezi mwingi wa mbege sasa unaletwa na malori kutoka mikoa mingine. Kwa hiyo ninaposema twende tukale kwa yule mama, sisemi kwa ajili ya ladha peke yake. Kila bakuli la mtori linaloliwa mjini ni mgomba mmoja ambao kuna mtu juu huko anaona sababu ya kutoukata.

Sasa tuje kwenye unafiki wetu wa Desemba.

Mnaujua. Ikifika tarehe ishirini, mabasi kutoka Dar yanajaa mpaka milangoni, barabara ya Himo inafungana, kila Mchagga duniani anarudi nyumbani. Ndafu inachomwa, mbege inamwagika, mtori unanyweka saa zote, watu wanapigwa picha na bibi zao mgombani. Tarehe tatu Januari wote hao wamekwisha kuondoka, na bibi amebaki anaosha vyungu. Miezi kumi na moja inayobaki, mtu huyohuyo akialikwa mtori anasema, "Kwani nimejifungua?" Maana kwetu mtori ni chakula cha mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua hulishwa huo mpaka nguvu zimrudie, basi vijana wameshaamua kuwa ni chakula cha wazazi na wagonjwa. Chakula kinachomrudishia nguvu mtu aliyetoka kuleta mtu duniani ndicho tunachokionea haya!

Wenzangu, tumekuwa watu wa kwetu kwa siku kumi na nne kwa mwaka. Mtalii naye hukaa hizohizo. Tunatofautiana naye kitu gani?

Kuna sehemu nyingine moja ya kula, ambayo siwezi kumpeleka mtu. Ni hemani, mlimani. Nilifanya kazi huko kabla sijaajiriwa hotelini, nilikuwa mpishi wa safari, nawajua wagumu kwa majina. Mgumu anabeba mzigo wa kilo 20 na begi lake juu yake. Mgeni akifika kambini anakuta chai imeshachemka na bisi za moto kwenye sahani. Jioni anapewa supu, tambi, matunda yaliyokatwa kwa maua. Nyuma ya hema la jikoni wagumu wanasonga ugali kwenye sufuria moja, wanaula na mboga nyepesi kabla upepo haujaupoza. Kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi. Ukiweka maharage kwenye sufuria ya kawaida utachemsha mpaka gesi iishe na bado yatakuwa kokoto. Mpishi wa pale lazima ajue hilo, na mengine hamsini, na hakuna kitabu kilichomwandikia. Mimi ugali wa hemani ule, kwenye baridi ile, kwa mikono kumi ndani ya sufuria moja, nauweka juu kabisa ya orodha yangu. Mgeni aliyelala mita kumi kutoka pale hakujua kama tulikula.

Na nyinyi hamjui pia. Ndiyo maana nimewaandikia nyinyi na si chemba ya biashara.

Fungueni matoleo ya gazeti letu hili, mhesabu mashairi ya theluji. Theluji kama kofia ya mzee, theluji kama pazia la bibi harusi, theluji kama nini sijui. Hata mimi ninalo moja, lilichapishwa, nilinunua nakala tano. Wangapi kati yetu wameigusa hiyo theluji? Hemingway aliandika hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro mwaka 1936, na mhusika wake anafia kambini tambarare. Kule juu anafika kwa ndoto tu. Sisi tuliozaliwa hapa tumemwiga mgeni aliyeutazama mlima kwa mbali. Tena theluji yenyewe inatuaga: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka. Tunaililia, na tuna haki. Lakini nani ameandika hata ubeti mmoja wa msesewe? Nani amemwandika mama anayepaka mafuta mikononi saa tisa usiku? Okot p'Bitek, mwaka 1966, alimpa Lawino nafasi ya kulitetea jiko la mama yake mbele ya majiko ya kizungu, na watu wazima wenye digrii wakakaa kusikiliza. Jiko lilikuwa mada kubwa ya kutosha kwake. Kwetu sisi ni dogo? Au linanuka moshi sana? Jamani, mji wenyewe unaitwa Moshi!

Sasa mtaniuliza, na wewe shefu, mbona bado uko palepale na kofia yako? Swali zuri. Nipo kwa sababu nina wadogo zangu wanasoma. Sikuja kujitangaza mtakatifu. Usiku nikitoka kazini nimechoka napita kijiweni nakula zege la chipsi mayai na mshikaki kama mwana yeyote, na nalipenda, na wala silitubii. Sisemi mtalii asile piza. Kala apendacho, hela ni yake. Sisemi vijana waache chipsi warudi mgombani wakavae magome. Nasema mambo matatu tu.

La kwanza kwa wakuu wa mji: vile vitu vinne, bomba, choo, paa na pa kumwaga taka. Jengeni palepale walipo wateja, msijenge kule ambako hakuna mtu kisha mkashangaa mbona mama wamerudi barabarani.

La pili kwa wenye hoteli, pamoja na wa kwangu: mtori uandikwe mtori. Siku saba za wiki. Mgeni akiuliza ni nini, hiyo ndiyo kazi ya mhudumu, na hiyo ndiyo sababu mgeni alipanda ndege.

La tatu kwetu sisi wenye kalamu. Toleo lijalo, kila mmoja wetu alete chakula kimoja kutoka jikoni kwa bibi yake, aandike jinsi kinavyopikwa, hatua kwa hatua, kwa maneno yaleyale anayotumia bibi, hata kama neno halimo kwenye kamusi. Hasa kama halimo. Na jina la bibi liwekwe juu, siyo la mwandishi. Tukikosa karatasi, tupunguze mashairi ya theluji. Langu muanze nalo.

Mimi nimeshaanza. Wiki iliyopita mgeni mmoja, mama wa makamo, aliniita mezani akaniuliza lile swali. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, meneja hayupo. Nikachukua kitambaa cha karatasi, nikamchorea ramani: toka getini, shuka mpaka soko la Mbuyuni, uliza mtori, nenda kabla ya saa mbili maana unaisha. Nikaongeza neno moja la Kichagga la kumshukuru mpishi, aika, nikamfundisha kulitamka. Asubuhi yake alirudi na shati lina doa la supu, anacheka. Aliniambia yule mama amemuuliza ni nani aliyemwelekeza, naye akajibu, "Mwanao."

Sikumwambia mgeni kuwa ni mama yangu kweli. Yeye alidhani ni desturi tu ya hapa, kila kijana kuwa mwana wa kila mama. Na kusema kweli, hakukosea sana.

Atakayenibishia aandike. Kalamu si ya baba yangu. Ila asije na njaa. Apitie Mbuyuni kwanza.